Namba za Boksi Hazichagui Simu

Simama mbele ya kabati la vioo la duka lolote la simu pale Aggrey, Kariakoo, usikilize mteja na muuzaji. Wanazungumza kwa namba. Hii kamera mia mbili, ile arobaini na nane. Hii RAM kumi na mbili, ile nane. Hii betri elfu tano kamili, ile haifiki hata elfu nne na mia tano. Ubishi huohuo uko Luthuli Avenue kule Nairobi, uko vijiweni, uko kwenye makundi ya WhatsApp ambako marafiki wa miaka mingi hununiana kwa sababu ya jedwali. Chini ya ubishi wote huo kuna imani moja ambayo karibu kila mtu anaiona haihitaji kuthibitishwa: kwamba simu ni jumla ya namba zake, na kwamba ukiziweka simu mbili za daraja la juu sambamba, yenye namba kubwa kwenye mistari mingi ndiyo ya kununua.

Imani hiyo ni potofu, na upotofu wake unaumiza. Anayeumia si mtu anayebadilisha simu kila mwaka. Ni mwalimu, nesi, dereva wa lori, mama mwenye duka la vitenge, aliyejinyima muda mrefu ili anunue simu moja nzuri ya kukaa nayo. Huyo hupewa jedwali, hulisoma kwa bidii, huchukua simu aliyoambiwa imeshinda, kumbe mambo yatakayoamua uhai wa simu ile hayamo kabisa katika jedwali lenyewe.

Tuchukue simu mbili zilizobishaniwa kuliko nyingi: Samsung Galaxy S24 Ultra, iliyozinduliwa Januari 2024, na iPhone 15 Pro Max ya Septemba 2023. Zilipotoka, bei zake Marekani zilianzia dola 1,299 na dola 1,199, karibu shilingi milioni tatu za Tanzania na kuendelea, kabla ya usafiri na ushuru. Sasa zimefika kwenye meza za used kutoka Dubai, na mtu wa kipato cha kati anaanza kuziona kama kitu kinachofikika. Ndiyo maana makosa ya kuzilinganisha yana uzito kuliko wakati zilipokuwa za matajiri peke yao.

Tuanze na kamera, kwa sababu ndiko namba zinakovimba zaidi. S24 Ultra ina kamera kuu ya megapikseli 200. iPhone 15 Pro Max ina 48. Kwa hesabu ya kijiweni, Samsung imeshinda mara nne. Lakini kinachopokea mwanga ni kihisi, kile kipande kidogo kilicho nyuma ya lenzi, na vihisi vya simu hizi mbili vinakaribiana mno kwa ukubwa: cha Samsung hutajwa kuwa 1/1.3 ya inchi, cha iPhone 1/1.28. Ni mashamba mawili ya ukubwa mmoja. Moja limekatwa vipande milioni 48, jingine vipande milioni 200, na mvua inayonyesha juu yake ni ileile. Kipande kimoja cha Samsung kina upana wa maikromita 0.6 tu. Kidogo kiasi hicho hakikusanyi mwanga wa kutosha, kwa hiyo simu yenyewe huviunganisha vipande kumi na sita kuwa kimoja chenye maikromita 2.4. iPhone huunganisha vinne kuwa kimoja chenye 2.44. Mwisho wa safari, picha ya kawaida ya S24 Ultra ina megapikseli 12. Ya iPhone huanzia hapohapo kwenye 12, kisha programu huichanganya na picha yenye undani zaidi na kukupa 24.

Kwa hiyo ile mia mbili iliyopamba tangazo, simu yenyewe huikunja kabla hujaiona picha. Unaweza kuiamuru itoe picha ya 200 kamili, na jua likiwa kali, ukitaka baadaye kukata kona ndogo ya picha na kuikuza, inasaidia. Hiyo ni kazi halali. Lakini ni watu wangapi wanapiga picha hivyo? Picha nyingi zinaishia Instagram, ambayo huzipunguza kufikia upana wa pikseli 1,080, au WhatsApp, ambayo nayo huzikandamiza. Hata televisheni ya 4K sebuleni ina pikseli milioni 8.3 tu. Namba 200 haina mahali pa kukaa katika maisha ya picha zetu.

Na angalia kilichotokea kwenye lenzi ya kuvuta mbali. S23 Ultra ya mwaka uliotangulia ilivuta mara kumi kwa lenzi. S24 Ultra ikashushwa hadi mara tano. Wasoma majedwali wakalalamika kwamba Samsung imewaibia. Kumbe lenzi mpya iliwekewa kihisi cha megapikseli 50 badala ya 10, na kwa umbali ambao watu hupiga picha kweli, kati ya mara tano na mara kumi, picha zikawa bora. Namba ilishuka, kazi ikapanda. Kinyume chake pia kimewahi kutokea: Machi 2023, mtumiaji mmoja alipiga kwa simu ya Samsung picha ya mwezi aliyokuwa ameitia ukungu makusudi kwenye skrini ya kompyuta, na simu ikamrudishia mwezi wenye mabonde ambayo hayakuwamo katika picha ile. Programu iliyajaza yenyewe. Ukiniambia simu yako inavuta mara mia moja, swali langu ni nini hasa kinachovutwa.

Lipo jambo la kamera ambalo kwetu sisi lingestahili mstari wa kwanza wa jedwali, na halina mstari wowote: simu inaionaje ngozi nyeusi? Hili lina historia chungu. Kwa miongo kadhaa maabara za kusafisha picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe. Uso wake ndio uliokuwa kipimo cha usahihi. Uso wa mtu mweusi uliokaa kando yake ungetoka kama kivuli chenye macho na meno. Mtafiti wa Canada, Lorna Roth, ameeleza kwa kirefu kwamba sehemu ya msukumo wa kurekebisha filamu hizo ilitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na samani, waliotaka rangi za kahawia za bidhaa zao zitofautiane pichani. Nyuso zetu hazikuwa zimetosha kuwa sababu. Google ilipotoa Pixel 6 mwaka 2021 ikiwa na mfumo ilioupa jina Real Tone, wa kuzitendea haki ngozi nyeusi, kampuni kubwa ya simu ilikuwa imelifanya jambo hili kuwa sifa ya kutangazwa waziwazi. Hakuna megapikseli inayolipima. Unalipima kwa kumpiga picha mtu wako jioni karibu na dirisha, akiwa ameketi na mwingine aliye mweupe kuliko yeye, kisha uangalie kama simu imemfanya wa kwanza kuwa jivu au imempausha ili imridhishe mhandisi asiyemjua. Fanya hivyo dukani kwa simu zote mbili. Jambo hilo litakuonyesha zaidi kuliko ukurasa mzima wa sifa.

RAM na betri nitazipitia haraka. Watu wanabishana kwamba 12 ya Samsung inaipiga 8 ya iPhone, na 5,000 inaipiga 4,441. Cha kwanza cha kujua ni kwamba Apple haikutangaza RAM wala uwezo wa betri ya simu hiyo kwa mAh. Namba zile hutoka kwa watu wanaozifungua simu na kwenye nyaraka za mamlaka za usajili. Cha pili, Android na iOS hazitumii kumbukumbu kwa namna moja. iOS huzigandisha programu usizozitazama na kuzinyima nafasi kwa ukali, ndiyo maana 8 zake hazifanyi kazi ya 8 za upande wa pili. Na betri ni kiasi cha kilichomo tu. Kiasi cha kinachotoka huamuliwa na prosesa, kioo, na zaidi ya yote mtandao. Mtu anayeishi mbali na mnara atashuhudia simu ikimaliza chaji mapema kwa sababu inapaza sauti siku nzima kuutafuta, hata ingekuwa na elfu sita.

Sisemi kila namba ni upuuzi. Mwaka 2024 Apple ilipoleta huduma zake za akili mnemba, iPhone 15 ya kawaida yenye RAM ya 6 iliachwa nje, na 15 Pro na Pro Max zenye 8 zikapokewa. Hapo namba iliamua. Lakini tazama iliamua nini: haikuamua simu ipi ina kasi leo, iliamua simu ipi itazeeka mapema. Hilo ndilo swali ambalo ubishi wetu wote haulifikii.

Kuhusu alama za kasi, zile za Geekbench na nyinginezo ambazo vijana wanazitumia kama hukumu ya mwisho, historia yake imechafuka. Mwaka 2022 iligundulika kwamba programu ya Samsung ya kusimamia michezo ilikuwa inapunguza nguvu kwa maelfu ya programu za kawaida, huku programu za kupima kasi zikiachwa zikimbie bila kizuizi. Geekbench ikaziondoa kwenye orodha yake simu za Galaxy za S10, S20, S21 na S22. Apple nayo, Desemba 2017, ilikubali kwamba masasisho yake yalikuwa yakizipunguza kasi iPhone zenye betri zilizochoka, na mwaka 2020 ikakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi ya Marekani. Kasi uliyoipima dukani ni ya siku hiyo. Mwenye uwezo wa kuibadilisha hayupo dukani.

Tena mara nyingine hata simu yenyewe si ile uliyoiona ikipimwa. Galaxy S22 ya Ulaya ilikuja na prosesa ya Exynos 2200, ya Marekani na Snapdragon 8 Gen 1. Galaxy S24 ya kawaida nayo iligawanywa vivyo hivyo: Marekani Snapdragon, nchi nyingi nyingine Exynos 2400. S24 Ultra ilisalimika, ilipata Snapdragon kila mahali. Kijana wa Mbeya anayetazama video ya mchambuzi wa Marekani, ananukuu kila sekunde ya matokeo, anaweza kuwa anaisifia simu ambayo haikuletwa kwake.

Sasa yale yanayoamua.

La kwanza ni miaka. Samsung iliahidi kwa maandishi miaka saba ya matoleo mapya ya mfumo na ya ulinzi kwa S24, yaani hadi 2031. Ilifuata nyayo za Google, iliyotoa ahadi ya namna hiyo kwa Pixel 8 miezi mitatu kabla. Apple, ilipobanwa na sheria ya Uingereza mwaka 2024 iseme muda wa chini, iliandika miaka mitano kwa iPhone 15 Pro Max. Rekodi yake lakini ni ndefu kuliko maandishi hayo: iPhone XS ya 2018 ilipokea iOS 18 mwaka 2024. Masasisho yana uzito kuliko tunavyoyapa. Simu zetu ndiyo benki zetu. Simu iliyoachwa bila masasisho ya ulinzi, huku ikibeba M-Pesa, akaunti ya benki na picha ya kitambulisho cha NIDA, ni mlango uliobaki wazi. Na mwisho wake huja kimyakimya: Mei 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye iPhone zisizoweza kufika iOS 15.1, na wenye iPhone 5s na 6 wakaamka hawana mawasiliano.

La pili ni simu hiyo ilitengenezewa nani. Mzigo wa used unaopitia Dubai ni wa kila nchi, na jina nyuma ya simu halikuambii ilikotoka. iPhone iliyotengenezewa Marekani kuanzia toleo la 14 haina kabisa tundu la laini. Ni eSIM tu, laini isiyo na kadi. Ya Hong Kong ina nafasi ya laini mbili za kawaida. Kwa mtu anayebadilisha laini kufuata bando, au anayesafiri mikoani ambako mtandao mmoja unashika na mwingine haushiki, iPhone ya Marekani ni usumbufu wa kila wiki: laini ikipata tatizo, huenda wakala wa kijijini asiweze kukuwekea nyingine, ikakubidi ulifuate duka la kampuni. Bei yake huwa nafuu, na muuzaji asiye mwaminifu hatakwambia kwa nini.

La tatu, fundi. Kioo kitapasuka, betri itachoka. Hilo halina mjadala. Kwa muda mrefu Apple imefunga vipuri na simu yake kiasi kwamba fundi wa mtaani akibadilisha kioo au betri, simu hubandika taarifa kwamba sehemu hiyo haijulikani, na kwa miaka mingi ilikunyima usomaji wa afya ya betri. Napinga utaratibu huo. Fundi wetu mwenye ujuzi anafanywa aonekane mwizi kwa kazi halali aliyoifanya. Hata hivyo utaratibu huohuo unamlinda mnunuzi wa used, nitalirudia. Kwa Samsung, fundi ana uhuru zaidi, ila kioo halisi cha Ultra ni ghali mno, na vioo vya kuigiza vimejaa. Kabla hujalipa, nenda kwa fundi unayemwamini umuulize kioo cha simu hiyo anacho au atakiagiza wapi, na kwa bei gani. Kama jibu linakaribia nusu ya bei ya simu, umeshajua unachonunua.

Na lugha. S24 ilipozinduliwa, kitu kilichopigiwa debe kuliko vyote kilikuwa tafsiri ya papo kwa papo ya maongezi ya simu. Lugha kumi na tatu. Kiswahili, kinachozungumzwa na mamilioni kutoka Lamu hadi Lubumbashi, hakikuwamo. Menyu ya iOS 17, iliyokuja na iPhone 15, nayo haikuwa na Kiswahili, wakati Android imekuwa nacho kwa miaka. Mtu anayemnunulia simu mama yake asiyesoma Kiingereza hana haja ya kufika kwenye megapikseli. Jibu lake limeshapatikana.

Basi ninunue ipi? Nitajibu bila kuzunguka. Kama unanunua mpya, ndani ya boksi, yenye waranti ya soko letu, na unataka kukaa nayo hadi ichakae, chukua S24 Ultra. Ahadi yake ya miaka saba imeandikwa, ina nafasi ya laini mbili, inazungumza Kiswahili kwenye menyu, na fundi hapigwi marufuku na programu. Ila kama unanunua used, geuza uamuzi: chukua iPhone 15 Pro Max yenye tundu la laini. Sababu ni ile niliyosema nitairudia. Ukiingia kwenye mipangilio yake utaona afya ya betri kwa asilimia, idadi ya mizunguko ya chaji, mwezi ilipotengenezwa na ilipoanza kutumika, na kama kioo, betri au kamera vimebadilishwa. Apple inasema betri za 15 zimeundwa kubaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 1,000, kwa hiyo ukikuta mizunguko 900 unajua uko wapi. Programu ya Samsung Members kwenye S24 Ultra ilizoea kukupa neno moja, kwamba betri ni nzuri, na huwezi kulijadili neno hilo na muuzaji. Katika soko lililojaa vimeo vilivyosafishwa na kufungwa kwenye boksi jipya, simu inayojitolea ushahidi ni bora kuliko simu yenye namba kubwa.

Vilevile hakikisha simu haijafungwa iCloud au akaunti ya Google ya mwenye nayo wa kwanza, na bonyeza *#06# ulinganishe IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, ya ndani na ya boksi. Tanzania unaweza kuituma kwenda 15090 ujibiwe ni ya simu gani. Watu wengi tangu Juni 2016, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, TCRA, ilipozifungia simu bandia, hawajawahi tena kuitumia namba hiyo.

Mamlaka nazo haziwezi kuendelea kumwachia mnunuzi mzigo huu wote peke yake. Ufaransa ilianza Januari 2021 kulazimisha simu ziuzwe zikiwa na alama inayoonyesha ni rahisi kiasi gani kutengenezeka. Umoja wa Ulaya tangu tarehe 20 Juni 2025 unataka kila simu mpya iwe na lebo ya mizunguko ya betri, ustahimilivu ikianguka na alama ya matengenezo, vipuri vipatikane kwa miaka saba, na masasisho yaendelee kwa angalau miaka mitano baada ya simu kuacha kuuzwa. Simu hizohizo, kutoka viwanda vilevile, zinashuka bandarini kwetu bila lebo. TCRA na Tume ya Ushindani zinao uwezo wa kudai karatasi hiyo ibaki kwenye boksi linapoingia Tanzania, na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya inaweza kufanya vivyo hivyo Mombasa. Kwa simu za used, muuzaji alazimishwe kuandika kwenye risiti mambo manne: nchi ambayo simu ilitengenezewa, mwaka ambao masasisho yake yataisha, vipuri vilivyobadilishwa, na afya ya betri siku ilipouzwa.